Omo, Blue Band na Kimbo: Majina tunayoyajua, wenyewe tusiowajua

MFANYABIASHARA anayepakia mzigo Nyabugogo kwenda Rubavu, Rusizi au Kagitumba hana haja ya kueleza sana anachotaka. Akisema "nipe omo", muuzaji humletea sabuni ya unga, hata kama pakiti imeandikwa jina jingine kabisa. Akisema "blue band", hupewa majarini ya kupaka mkate bila kuulizwa ya kiwanda gani. Majina hayo yameshakuwa maneno ya kawaida ya Kiswahili, kama soda na panadol.

Sisi tuliokulia uhamishoni tuliyajua kabla ya kuijua Kigali yenyewe. Tuliporudi mwaka 1994 na miaka iliyofuata, kila mmoja alirudi na lugha ya alikotoka: Kiganda, Kifaransa, Kirundi, Lingala au Kiswahili cha Tanzania. Aliyekulia Nakivale, aliyekulia Masisi na aliyekulia Karagwe walisumbuka kuelewana katika mambo mengi, lakini mbele ya duka hawakusumbuka. Waliomba sabuni ileile na mafuta yaleyale.

Hata hivyo, ni wachache wanaojua kwamba sehemu kubwa ya majina hayo ilitoka katika kampuni moja, Unilever, na kwamba utajiri wa kampuni hiyo ulijengwa kwa sehemu na mawese ya jirani zetu wa Congo. Wachache zaidi wanajua kwamba baadhi ya majina hayo si mali yake tena. Kwa mfanyabiashara wa mpakani hili si jambo la historia tu. Ni suala la mfuko wake, kwa sababu linarudi kwenye swali moja: mambo yakiharibika, nani hujibu?

Aliyeacha kuuza mche akauza jina

Mwanzilishi wake alikuwa Mwingereza aitwaye William Lever, mtoto wa mfanyabiashara wa vyakula wa mji wa Bolton. Zamani hizo sabuni iliuzwa kama tulivyoiuza sisi kwa miaka mingi: mche mrefu usio na jina, mwenye duka anaukata na kumpimia mteja. Sisi shule ya bweni tuliukata kwa uzi ili kipande kifike mwisho wa muhula. Mteja hakujua nani ameitengeneza, na kama haikutoa povu, lawama zilikuwa za mwenye duka.

Mwaka 1884 Lever alisajili jina la Sunlight, na mwaka 1885 yeye na mdogo wake James wakaanza kuitengeneza wenyewe. Waliikata vipande, wakavifunga katika karatasi yenye jina na kuitangaza kila mahali. Kwa lugha ya Nyabugogo, Lever aliacha kuuza mche akaanza kuuza jina. Mteja akawa anaomba Sunlight, na mwenye duka akalazimika kuiweka hata kama faida yake ilikuwa ndogo.

Fedha zilipokuja, mwaka 1888 alianza kujenga mji mzima wa wafanyakazi, Port Sunlight, karibu na Liverpool, wenye nyumba nzuri, bustani na shule. Mpaka leo watalii huenda kuutazama. Alisifiwa kuwa tajiri mwenye huruma, na kwa wafanyakazi wale wa Uingereza sifa hiyo haikuwa ya uongo.

Lakini sabuni huhitaji mafuta, na mafuta yalikuwa yakipanda bei. Lever akatafuta mawese.

Leverville, mji wa michikichi

Tarehe 14 Aprili 1911, Lever alitia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji, iliyokuwa imeichukua Congo kutoka kwa Mfalme Leopold miaka mitatu tu kabla. Kampuni mpya, Huileries du Congo Belge, ilipewa maeneo matano ya mviringo, kila moja likienda kilomita 60 kila upande kutoka katikati yake. Ndani ya maeneo hayo iliruhusiwa kujichukulia hadi hekta 750,000 za ardhi yenye michikichi. Lusanga, katika eneo la Kwilu, ikabadilishwa jina na kuitwa Leverville.

Mkataba ulikuwa na masharti yaliyoonekana mazuri. Kampuni ilitakiwa kujenga shule na hospitali, na kulipa mshahara usiopungua senti 25 za faranga kwa siku. Mwaka 1912 kipande cha kwanza cha sabuni iliyotokana na mawese ya huko kilipelekwa kwa Mfalme Albert wa Ubelgiji, kikiwa ndani ya kisanduku cha pembe za ndovu.

Tatizo lilikuwa watu. Kukwea mchikichi mrefu na kushusha mashada ya chikichi ni kazi ya hatari, na wanakijiji waliokuwa na mashamba yao hawakuona sababu ya kuifanya kwa ujira ule. Hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipoingia. Watu walidaiwa kodi ya kichwa ambayo isingelipika bila kwenda kwenye kampuni. Machifu walitakiwa kutoa idadi fulani ya watu, na aliyekataa au kutoroka alikabiliwa na kifungo na viboko.

Wazee wetu hawahitaji kufafanuliwa habari hiyo. Enzi za Wabelgiji walizijua uburetwa na shiku, na wengine waliandikishwa kupitia machifu kwenda migodi ya Katanga au mashamba ya Masisi. Wengi walivuka kwenda Uganda kuzikimbia kazi hizo, kabla neno mkimbizi halijawa jina letu la pili. Mwanahistoria wa Ubelgiji Jules Marchal, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali Congo na baadaye balozi, aliyachambua makaratasi ya zamani na kuandika kitabu kizima kuonyesha kwamba mawese ya Lever yalitegemea kazi ya shuruti.

Mwaka 1931 mambo yalilipuka. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeangusha bei ya chikichi huku kodi ikibaki palepale. Wapende wa Kwango waliasi, na mwezi Juni wakamuua ofisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot. Jeshi lilipomaliza kazi ya kuwatuliza, zaidi ya Wapende 500 walikuwa wamekufa.

Nani alijibu? Kampuni ilikuwa na uwezo wa kusema kwamba kodi na viboko ni mambo ya serikali. Serikali ilikuwa na uwezo wa kusema kwamba ujira ni mambo ya kampuni. Lever mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1925, akiwa na cheo cha ubwana, Lord Leverhulme.

Kampuni ikawa dunia nzima

Mwaka 1929 warithi wake walikubaliana kuungana na watengenezaji wa majarini wa Uholanzi, waliokuwa wakigombania nao mafuta yaleyale. Tarehe 1 Januari 1930 Unilever ikaanza rasmi. Mwaka huohuo wa 1929 ilikuwa imezaliwa United Africa Company, mkono wake wa biashara uliotawala maduka na mazao ya Afrika Magharibi kwa miongo mingi.

Kwetu Afrika Mashariki jina kubwa lilikuwa East Africa Industries ya Nairobi, ambayo baadaye ikaitwa Unilever Kenya. Humo ndimo zilimotoka Blue Band, Kimbo, Cowboy, Omo na nyinginezo zilizosambaa kwa malori hadi Kampala, Mwanza, Kigali na Goma. Makopo yake hayakutupwa. Kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili likawa kipimo cha mahindi na maharage sokoni, na Wakenya wakalipa jina lao, gorogoro.

Ni haki kusema pia mazuri. Viwanda hivyo vilitoa ajira, viliwafundisha mafundi na wahasibu wetu wengi, na vilileta sabuni kwa bei ambayo mama wa kijijini aliimudu. Kampeni za kunawa mikono za sabuni ya Lifebuoy zimefika katika shule nyingi za Afrika, na mwalimu yeyote anajua kuhara kunavyoondoa watoto darasani. Anayesema kampuni hii ilileta madhara tu hasemi ukweli wote.

Kericho: Mahakama ilisema nini

Mwaka 1984 Unilever iliinunua Brooke Bond, na pamoja nayo mashamba makubwa ya chai ya Kericho nchini Kenya. Kampuni ilijenga nyumba, shule na hospitali kwa wafanyakazi, wengi wao wakiwa wametoka mikoa mingine. Ardhi yenyewe ina mgogoro wa zamani. Wakipsigis na Watalai wanasema waliondolewa humo kwa nguvu na Waingereza, na mwaka 2022 walifikisha madai yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliwaka moto. Makundi yenye silaha yaliingia katika mashamba hayo yakiwatafuta watu wa makabila ya kutoka nje ya eneo. Watu waliuawa, wanawake walibakwa, nyumba ziliporwa. Sisi Wanyarwanda tunajua maana ya kuwindwa kwa sababu ya kabila mahali ulipodhani ni nyumbani.

Wahanga 218 walifungua kesi London. Hawakudai kwamba Unilever ndiyo iliyowatuma washambuliaji. Hoja yao ilikuwa kwamba kampuni ilijua hatari hiyo ingekuja na haikuwalinda. Kampuni ilijibu kwamba vurugu za namna ile hazikutarajiwa, na kwamba kampuni mama ya London si ndiyo iliyokuwa ikiendesha usalama wa shamba la Kericho. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na kampuni, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufani. Mwaka 2020 wahanga walipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa.

Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 2019 Mahakama hiyohiyo ya Juu iliruhusu wanakijiji wa Chingola, Zambia, kuishitaki kampuni ya madini ya Vedanta London kwa uchafuzi wa maji. Mwaka 2021 ikaruhusu Wanigeria kuishitaki Shell. Kwa hiyo mlango haujafungwa kabisa. Lakini anayetaka kupita lazima aonyeshe kwa makaratasi kwamba wakubwa wa Ulaya ndio waliokuwa wakiamua, na makaratasi hayo yamo katika makabati ya wakubwa wenyewe.

Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake. Zaidi ya wanawake 70 walisema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya Kenya yaliyokuwa yakiendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili, Unilever na James Finlay. Lakini taarifa ilipotoka, Unilever ilikuwa imekwisha kuuza.

Zebaki, weupe na vipakiti

Lawama hazikuishia Afrika. Huko Kodaikanal, India, kiwanda cha vipimajoto cha kampuni tanzu ya Unilever kilifungwa mwaka 2001 baada ya taka zenye zebaki kugunduliwa nje ya kiwanda. Wafanyakazi wa zamani 591 walisubiri hadi Machi 2016 kufikia makubaliano ya malipo, yaani miaka 15. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifungwa alikuwa tayari sekondari.

Kuna pia suala la ngozi. Krimu ya Fair & Lovely, iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975, ilitangazwa kwa miaka mingi kwa picha ya msichana mweusi anayepata kazi au mchumba baada ya kuwa mweupe. Lawama ilihusu ujumbe huo: kwamba rangi uliyozaliwa nayo ni kasoro. Mwaka 2020 kampuni iliondoa neno linalomaanisha weupe na kuiita Glow & Lovely. Sisi Rwanda tulikuwa tumeanza vita yetu mapema kidogo, dhidi ya vipodozi vya mkorogo vyenye hidrokwinoni na zebaki, pale maofisa walipopita madukani kuanzia mwishoni mwa 2018 na kukusanya shehena. Wafanyabiashara wa Nyabugogo wanaikumbuka operesheni hiyo.

Tatu ni vile vipakiti vidogo vya matumizi ya mara moja. Kwa maskini ni msaada, maana ananunua sabuni ya leo kwa fedha ya leo. Kwa mtaro ni balaa. Mwaka 2022 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Unilever, ambayo hadharani ilikuwa ikivilaani vipakiti hivyo, ilikuwa ikizishawishi serikali za Asia zisivipige marufuku. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na ikaongeza sheria ya plastiki za matumizi ya mara moja mwaka 2019. Anayekaa kando ya mto Nyabugogo wakati wa mafuriko anajua kwa nini.

Majina yamebaki, wenyewe wameondoka

Sasa tufike kwenye jambo linalomhusu zaidi mchuuzi. Katika miaka ya karibuni Unilever imekuwa ikiuza majina yake moja baada ya jingine.

Kimbo na Cowboy zilichukuliwa na Bidco ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mashamba ya michikichi ya Congo yaliuzwa mwaka 2009 kwa kampuni ya Canada iitwayo Feronia, iliyopewa fedha na mabenki ya maendeleo ya Ulaya. Mwaka 2019 Human Rights Watch ilieleza jinsi wafanyakazi wa mashamba hayo walivyonyunyiza dawa bila kinga ya kutosha, na mwaka 2020 Feronia ikafilisika. Blue Band iliuzwa mwaka 2018 pamoja na biashara yote ya majarini, kwa kampuni iliyoitwa Upfield na ambayo mwaka 2024 ikajiita Flora Food Group. Biashara kubwa ya chai, pamoja na Kericho, ilikabidhiwa kwa wawekezaji wa CVC mwaka 2022. Mei 2024 wenyewe hao wapya walitangaza kuyauza mashamba ya Kenya, Tanzania na Rwanda kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Ndiyo, na Rwanda, kwa kuwa Unilever ilikuwa imeanzisha mashamba Nyaruguru. Nigeria nako, mwaka 2023, kampuni ilitangaza kuacha kutengeneza Omo na Sunlight.

Mtu asidhani kwamba mwenyewe akiwa wa kwetu basi ugomvi umekwisha. Visiwani Kalangala, Uganda, mashamba ya michikichi yaliyoanzishwa kwa ushirika na Bidco yalizua madai ya ardhi, na wakulima walikwenda mahakamani mwaka 2015. Mawese ni mawese, na ardhi ni ardhi.

Mkulima wa Lokutu, mchuma chai wa Kericho na mfanyakazi wa Kodaikanal wamejifunza jambo moja. Anayedhurika hubaki palepale, lakini mwenye mali anaweza kubadilika mara mbili kabla kesi haijasikilizwa.

Na mchuuzi wa Nyabugogo?

Yeye yuko mwisho wa mnyororo huo. Mwaka mmoja shule ninayofundisha ilinunua katoni za sabuni ya unga kwa muuzaji wa jumla. Pakiti ilikuwa na jina kubwa, rangi zake zote zikiwa mahali pake. Ndani povu hakuna, na mikono ya wanafunzi wa bweni ikawasha kwa siku mbili. Muuzaji alisema aliletewa na mwingine, huyo mwingine akasema mzigo ulitoka ng'ambo ya mpaka. Fedha hazikurudi.

Kisa hicho ni kidogo, lakini ndicho kisa cha Leverville na Kericho kwa kipimo cha katoni. Kila mmoja anamwonyesha aliye nyuma yake, na aliye mwisho ndiye anayebeba. Maofisa wanapokamata bidhaa bandia au iliyopitwa na muda, hawapandi ndege kwenda London. Wanamkuta mama mwenye meza yake, na mtaji wake ndio unaoondoka.

Kwa hiyo anayefanya biashara hii ajilinde kwa yale aliyo na uwezo nayo. La kwanza, geuza pakiti. Mbele kuna jina, lakini mwenyewe yuko nyuma: kiwanda, nchi, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Kama nyuma hakusomeki, mbele kusikudanganye.

La pili, jua nchi ya kiwanda kabla ya kufika mpakani. Jina lilelile linaweza kutengenezwa Nairobi au kuletwa kutoka Asia, na ushuru wake si mmoja. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa katika orodha na thamani yake haizidi dola 2,000, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Iliyotoka nje ya Jumuiya haipiti hivyo hata kama pakiti zinafanana kama mapacha.

La tatu, dai risiti ya EBM hata kwa katoni mbili. Wengi huiona kuwa ni mali ya watoza kodi tu. Lakini siku ya matatizo hiyo ndiyo karatasi pekee inayosema kwamba kabla yako alikuwapo mtu mwingine. Wahanga wa Kericho walishindwa London kwa kukosa karatasi za kuonyesha nani aliamua nini.

La nne ni la vyama vyetu vya ushirika na viongozi wetu. Katoni moja ya mchuuzi mmoja haimsumbui mtu yeyote, lakini katoni mia tano za wanachama mia zitamlazimisha mwagizaji kufungua mlango. Serikali za Jumuiya nazo zinaponadi mashamba na viwanda kwa wawekezaji, ziandike katika mkataba kwamba anayenunua mali ananunua na madeni yake kwa watu: mishahara, fidia na ardhi inayodaiwa.

Lever alitufundisha kwamba jina lina thamani kuliko sabuni iliyomo ndani. Waliomfuata wametufundisha kwamba jina huuzwa kama kitu kingine chochote. Linalobaki kwetu ni kujifunza kuuliza, kabla ya kutoa fedha, jina hilo leo ni la nani na anapatikana wapi.